Kifaa Kinapoonya Usiku: Ujumbe wa Tahadhari na Kumbukumbu Zake katika Huduma za Afya

Wahenga walisema, la mgambo likilia kuna jambo. Mbiu ilipopigwa kijijini, aliyeisikia hakuuliza kama kuna jambo; aliuliza ni jambo gani, limetokea wapi na limeanza lini. Maswali hayo matatu ndiyo ambayo kila ujumbe wa tahadhari unapaswa kuyajibu, uwe umetoka kwa mpiga mbiu au kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani ya jokofu la chanjo. Mbiu ikilia bila kuyajibu, wasikilizaji hukimbia ovyo au hurudi kulala. Yote mawili yana hatari.

Chukua mfano wa zahanati ya kijijini, kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni. Si zahanati moja mahususi. Ni mfano wa nyingi. Ni Jumatatu asubuhi, siku ya kliniki ya watoto. Akina mama wamekwisha kaa kwenye benchi, kadi za kliniki mkononi, baadhi yao wakiwa wametembea tangu alfajiri. Muuguzi anafungua chumba cha chanjo na kutazama kipimajoto cha jokofu. Kinasoma nyuzi 4 za Selsiasi, joto zuri kabisa, kwa kuwa chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini kwenye kioo cha kifaa cha kurekodi joto kuna alama ya hatari, na mshale wake unaelekeza chini, kwenye siku ya jana.

“Nesi, sisi tumetoka mbali,” anasema mama mmoja. “Chanjo ipo?”

“Ipo, mama, lakini naomba mnivumilie kidogo. Jokofu limeacha ujumbe, lazima niusome kwanza.”

Jambo lililo mbele ya muuguzi huyo linaonekana dogo, lakini sivyo lilivyo. Kwa wakati huo jokofu ni zima, vichupa vinaonekana vizima, na benchi limejaa. Kitu pekee kinachosema kwamba jana usiku kulikuwa na tatizo ni mstari mmoja wa kumbukumbu ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani.

Kadi inaposema uongo

Chanjo hazidhuriwi na joto peke yake. Chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na maradhi ya bakteria wa Hib huharibika ikiganda. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo ya nimonia na ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hizo zina chembechembe za chumvi ya aluminiamu zinazousaidia mwili kujenga kinga. Barafu ikizishika, chembechembe hizo hugandamana, na hata barafu ikiyeyuka hazirudi katika hali yake ya awali.

Kiashiria kilichobandikwa kwenye kichupa, kile chenye mraba ndani ya duara, hakiwezi kusaidia hapa. Kiashiria hicho hukusanya athari za joto: kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, ndivyo mraba unavyozidi kuwa mweusi, na ukilingana na duara kwa weusi au kulizidi, chanjo haifai tena. Hakioni baridi kamwe. Chanjo iliyoganda usiku wa Jumapili itakuwa na kiashiria kizuri asubuhi ya Jumatatu.

Ikitumika, mtoto atachomwa sindano, atalia, atanyonya na kunyamaza. Kadi yake itaandikwa tarehe, na takwimu za wilaya zitamhesabu kuwa amechanjwa. Kumbe mwili wake huenda usiwe na kinga ambayo kadi inaitangaza. Hakuna atakayejua, hadi siku ugonjwa utakapobisha hodi. Ndiyo maana ujumbe ule mmoja kwenye kioo una uzito kuliko usomaji mzuri wa asubuhi.

Kazi tatu za kifaa kinachoonya

Ndani ya kifaa cha kurekodi joto kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta hiyo kuna programu. Programu hiyo hufanya kazi tatu zilezile zinazofanywa na mfumo endeshi wa kompyuta kubwa: kutambua kwamba jambo si la kawaida, kutunga ujumbe, na kuuhifadhi ujumbe huo mahali ambapo hautafutika kwa urahisi.

Katika kutambua, kifaa hakipigi kelele kwa kila badiliko. Vifaa vya siku 30 vinavyotumika sana kwenye majokofu ya chanjo huonya joto linapozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au linaposhuka chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Tofauti ya muda ina sababu. Chanjo nyingi huvumilia joto la saa chache, lakini barafu huharibu haraka. Tena, mlango ukifunguliwa siku ya kliniki joto hupanda kidogo kisha likashuka. Kifaa ambacho kingelia kila mara mlango unapofunguliwa kingezimwa kabla ya wiki kwisha.

Katika kutunga ujumbe, kifaa huonyesha siku, aina ya tatizo na muda lililodumu. Katika kuhifadhi, hutunza kumbukumbu za siku 30 zilizopita, ili hata mtumishi aliyetoka likizo aweze kurudi nyuma na kuona kilichotokea. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Kengele iliyolia usiku pasipo mtu imelia bure, isipokuwa kama imeandika.

Ngazi nane za uzito

Waliounda mifumo ya kompyuta walikutana na tatizo hilo mapema. Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa kompyuta Eric Allman, akiwa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alibuni utaratibu uitwao syslog kwa ajili ya kuandika matukio ya programu yake ya barua pepe. Utaratibu huo ulienea kwenye mifumo ya jamii ya Unix, na hadi leo unatumika katika seva nyingi duniani.

Siri ya syslog ni kwamba kila ujumbe hupewa ngazi ya uzito, kuanzia 0 hadi 7. Ngazi 0 ni dharura kuu: mfumo hautumiki tena. Ngazi 1 inadai hatua ichukuliwe papo hapo. Ngazi 2 ni hali mahututi, ngazi 3 ni kosa, na ngazi 4 ni onyo. Ngazi 5 ni jambo la kawaida linalostahili kuangaliwa, ngazi 6 ni taarifa tu, na ngazi 7 ni maelezo ya mafundi wanaochunguza programu. Msimamizi anaweza kuamua kwamba ngazi za juu zimwamshe usingizini, na zile za chini ziandikwe kimya kimya zikisubiri asubuhi.

Mhudumu wa afya hatauona mpango huu kuwa mgeni. Ndiyo kazi ya kupanga wagonjwa kwa uzito pale mapokezi: mtoto mwenye degedege hapangi foleni na mwenye mafua. Vifaa tiba vina kanuni ya namna hiyo hiyo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-1-8, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kinagawa kengele za vifaa katika madaraja matatu. Taa nyekundu inayometameta ni hatari kubwa inayotaka mtu afike mara moja. Taa ya njano inayometameta ni hatari ya kati. Na taa isiyometameta, ya njano au ya samawati, ni hatari ndogo. Mtumishi anayezijua rangi hizo tatu anaweza kufahamu uzito wa tukio hata kabla ya kusoma neno lolote.

“Hitilafu 54”

Hasara ya ujumbe uliotungwa vibaya ilionekana waziwazi katika historia ya mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine za aina hiyo ziliwapa wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi, nchini Marekani na Kanada, na baadhi yao walifariki.

Mwezi Machi 1986, katika kituo cha saratani cha mji wa Tyler, jimbo la Texas, mgonjwa mmoja alipangiwa mionzi ya rad 180. Mashine ilisimama ghafla na kioo kikaandika maneno mawili tu, yenye maana ya “Hitilafu 54”. Mwendeshaji hakuwa na mahali pa kupata maana kamili ya namba hiyo. Maelezo mafupi yaliyokuwapo hayakusema kama dozi imezidi au imepungua. Kioo kilionyesha kwamba mgonjwa amepata kipimo kidogo sana kuliko kilichopangwa, na mashine ilikuwa na mazoea ya kusimama kwa sababu ndogondogo. Kwa hiyo mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea, kama alivyozoea. Siku hiyo kamera na chombo cha kusikilizana na chumba cha tiba havikufanya kazi. Baadaye ilikadiriwa kwamba mgonjwa alipata kati ya rad 16,500 na 25,000. Alifariki baada ya miezi mitano.

Mwezi uliofuata, hitilafu ileile ilimpata mgonjwa mwingine katika kituo hicho hicho. Safari hii, mtaalamu wa fizikia wa hospitali, Fritz Hager, alikaa na mwendeshaji, wakarudia hatua zote moja baada ya nyingine mpaka namba 54 ikatokea tena. Waligundua kwamba mashine ilikosea pale mwendeshaji aliporekebisha maelezo ya tiba kwa haraka sana. Kumbukumbu iliyofumbua fumbo ilikuwa ya binadamu, aliyekumbuka kwa usahihi alichokifanya na kwa mpangilio upi.

Namba peke yake si kosa, mradi maana yake iwe karibu. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikishuka mwezini, kompyuta yake ilitoa tahadhari namba 1202. Duniani, kijana wa miaka 24 aitwaye Jack Garman alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye orodha ya tahadhari zote na hatua ya kila moja. Aliitazama, akasema safari iendelee iwapo tahadhari hairudii mfululizo. Tofauti ya Tyler na mwezini ilikuwa karatasi. Zahanati yoyote inaweza kuwa na karatasi kama hiyo ukutani, juu ya jokofu au kando ya mashine ya oksijeni.

Kengele zikizidi, masikio hufa

Kosa la pili ni kinyume cha ukimya. Tafiti mbalimbali zilizofanywa katika wodi za nchi zenye vifaa vingi zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 72 na 99 ya kengele za vifaa hazikuashiria tatizo la kweli la mgonjwa. Kipimio cha kidole kimechomoka, mgonjwa amegeuka, waya umelegea. Mtumishi anayesikia kengele mia za bure hatakuwa mwepesi kwa ile ya mia na moja. Uchovu huo wa kengele si uzembe. Ni jinsi ubongo wa binadamu unavyojilinda.

Tiba yake haipatikani kwa kuzima kengele. Ni kurekebisha chanzo: kufunga kipimio vizuri, kubadilisha betri, kuweka mipaka inayolingana na umri wa mgonjwa, kusafisha chujio la mashine ya oksijeni. Mashine hiyo hutakiwa kuonya pale oksijeni inayotoka inaposhuka chini ya asilimia 82. Ikionya kila siku na kila siku ikazimwa sauti, kuna mtoto mwenye nimonia anayepumua hewa isiyomtosha huku chumba kikiwa kimya.

Saa mbili au saa nane?

Kuna mtego mwingine ambao wasemaji wa Kiswahili wanaujua kuliko watengenezaji wa vifaa. Kifaa kikiandika 02:00, wakati huo ni saa nane usiku. Kikiandika 08:00, ni saa mbili asubuhi. Muuguzi aliyeandika katika daftari la zamu kwamba umeme ulikatika “saa 8”, na fundi anayesoma kumbukumbu za kifaa akitafuta 08:00, watabishana kutwa nzima kuhusu matukio mawili tofauti, kumbe wote wawili wanasema kweli.

Tarehe nazo hufanya vivyo hivyo. Maandishi 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mtanzania, na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Wataalamu wa kompyuta walijikwaa hapo hapo. Waraka wa mwaka 2001 ulioeleza muundo wa zamani wa syslog ulionyesha ujumbe wenye mwezi, siku na saa, lakini usio na mwaka wala ukanda wa saa. Waraka mpya wa mwaka 2009 ulirekebisha: mwaka kwanza, kisha mwezi, siku, saa, na tofauti ya ukanda, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa 3 mbele ya saa ya dunia. Katika zahanati dawa ni rahisi zaidi: taja mwezi kwa jina, na baada ya saa andika usiku, alfajiri, asubuhi, mchana au jioni. Kila mwezi, linganisha saa ya kifaa na saa ya simu.

Lugha yenyewe ni sehemu ya muundo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, ujumbe wa makosa ukiwemo. Ilidhihirika kwamba kompyuta inaweza kumwambia mtu kosa lake kwa lugha anayoifikiria. Vifaa vingi vya hospitali bado havijafika huko. Ndiyo sababu ile karatasi ya ukutani ifaa iandikwe kwa Kiswahili.

Kutoka kichupa hadi wilaya

Korogwe haikuanza jana kuthamini kumbukumbu. Kituo cha utafiti cha NIMR mjini humo kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008, yaliyohusu watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi nchini Kenya, yalionyesha kinga ya asilimia 53 dhidi ya malaria. Kisha Korogwe ikawa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009. Katika majaribio ya aina hiyo, kichupa kisicho na kumbukumbu kamili za joto huwekwa kando mpaka usalama wake uthibitishwe. Kanuni iliyomlinda mtoto wa utafiti inamfaa pia mtoto wa kliniki ya kawaida.

Mfumo wa taifa wa ufuatiliaji wa magonjwa umejengwa juu ya wazo hilo hilo. Mhudumu anayeshuku kipindupindu au surua hatakiwi kusubiri ripoti ya mwezi. Taarifa hutakiwa kufika wilayani ndani ya saa 24, na kwa mfumo wa kielektroniki huweza kutumwa kwa simu ya kawaida. Menyu ya simu humlazimisha kujibu kwa mpangilio: ugonjwa gani, wagonjwa wangapi, waliofariki wangapi. Ndiyo maswali ya mpiga mbiu, yakiwa yamevaa vazi jipya.

Mambo ya kufanya

Kwa mhudumu wa afya, kengele ya kifaa ikilia au alama ya hatari ikionekana:

1. Mtazame mgonjwa kwanza, kifaa baadaye. Kama ni jokofu, usifungue mlango ovyo.
2. Soma ujumbe wote kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Kunyamazisha sauti si kutatua tatizo.
3. Andika mambo matano: tarehe na saa, kifaa, ujumbe kama ulivyoandikwa, hatua uliyochukua, na jina la uliyempa taarifa.
4. Chanjo zenye shaka zitenge kwenye joto lilelile la nyuzi 2 hadi 8, ziandike “USITUMIE”, kisha mjulishe Mratibu wa Chanjo wa Wilaya. Usizitupe wala kuzitumia kabla ya maelekezo.
5. Kabidhi tukio kwa mdomo na kwa maandishi zamu inapobadilika.

Kwa mgonjwa na ndugu zake: kengele ikilia kitandani, mwite muuguzi, usiizime, usichomoe waya ili kuchaji simu. Uliza bila woga, “Kifaa hiki kinasema nini?” Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Na ukiambiwa chanjo ya leo imeahirishwa kwa sababu jokofu limeonya, fahamu kwamba umehudumiwa vizuri.

Muuguzi wa mfano wetu alibonyeza kitufe cha kumbukumbu na kusoma: jana, joto chini ya kiwango, saa moja na dakika 40. Alizitenga chanjo zinazoharibiwa na barafu, akampigia simu mratibu. Kipimo cha kutikisa huhitaji kichupa cha toleo lilelile kigandishwe kwa makusudi, kiyeyushwe, kisha kilinganishwe na kile chenye shaka. Jibu lisingepatikana asubuhi ile. Mratibu alielekeza kwamba matone ya polio na chanjo ya surua, ambazo haziharibiwi na baridi, ziendelee kutolewa, na akaahidi kutuma vichupa vingine kwa pikipiki.

“Mama,” muuguzi alimwambia yule aliyetoka mbali, “ya leo mojawapo itachelewa hadi saa saba mchana. Ningekuchoma hii iliyopo, ungeondoka mapema, lakini nisingekuwa na hakika nayo.”

Mama alimfunga mtoto vizuri mgongoni. “Basi tutangoja, nesi,” alisema. “Tumekuja kwa ajili hiyo.”

Pikipiki ilifika, kibebea chanjo kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira. Katika daftari la jokofu, chini ya tarehe ya jana, ulikuwepo mstari mpya wa maandishi ya mkono: saa, ujumbe, hatua, jina.